Balozi wa Tabasamu Anauliza Avae Suti Gani

Bi Advera, shikamoo.

Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi. Nakusoma kwa kinyozi pale Isevya, gazeti likiwa limeshakaa siku mbili tatu na mara nyingi ukurasa wako umeshachanwa kipande cha chini kwa ajili ya kufutia wembe, kwa hiyo matatizo ya watu nayajua yote lakini ushauri wako naupata nusu, na yule mama wa Ipuli ambaye mumewe alihamia kwa mama mkwe mpaka leo sijui ulimwambia amfuate au amwache hukohuko. Leo zamu yangu imefika. Naomba unisaidie jambo ambalo ukilitazama ni dogo, ni la mavazi tu, ila ili ulielewe vizuri itabidi nianze mbali kidogo, uniwie radhi.

Naitwa Xavery, nina miaka hamsini na miwili, ni mkulima wa tumbaku na mfugaji wa nyuki huku Itetemia, mke wangu anaitwa Kabula na watoto wetu wanne wameshajitegemea. Watu wa huku wananijua kwa kuchekesha. Sijisifu, ndivyo ilivyo, mimi ni Mnyamwezi na kazi ya utani naifanya kwa moyo wote. Alipofariki mama yake Shaban, yule Mzaramo fundi baiskeli wa Isevya ambaye ni mtani wangu, mimi ndiye niliyevaa kanga za marehemu nikaingia katikati ya wafiwa nikauliza kwa sauti yake mbona chai haina sukari, na Shaban aliyekuwa hajanyanyua kichwa siku mbili alicheka mpaka akashikwa na kwikwi. Basi kuanzia hapo hata misiba isiyo ya watani wangu naitwa.

Sasa mwezi wa tatu tulikuwa tunakausha tumbaku. Kama hujawahi kuifanya hiyo kazi, bani ni kijumba kirefu cha matofali kisicho na dirisha, majani yananing'inizwa ndani, moto unakaa kwenye tanuri la chini na hauruhusiwi kupanda wala kushuka ovyo, ni kama kulea mtoto mchanga mwenye homa, ukizembea kidogo majani yanaharibika rangi na kazi ya miezi mitano inakuwa takataka. Mimi nimekausha miaka ishirini na tisa. Basi siku hiyo, mchana kweupe, nimekaa kwenye kigoda mbele ya tanuri, kuni ziko hapa ubavuni, mkono ungezifikia bila hata kunyanyuka, nikauona moto unafifia, nikauona umebaki makaa, nikauona unaelekea kuzima kabisa, na sikunyoosha mkono. Sikuwa nimelala, sikuwa nimelewa, wala sikuwa nawaza kitu chochote, nilikuwa naangalia tu. Kabula akatokea kisimani, akatua ndoo, akachochea moto, akaongeza kuni, akaendelea na shughuli zake bila kuniuliza lolote, nikamshukuru Mungu kwamba hakugundua.

Na kinachonichanganya zaidi ni kwamba mwaka huu mambo ni mazuri. Mwaka juzi mvua ya mawe ilitwanga shamba lote likabaki vijiti, nami nikawaambia wenzangu kwamba Mungu ameamua kutuchumia mwenyewe, tukacheka tukapanda upya. Ningehuzunika mwaka ule kila mtu angenielewa. Mwaka huu majani yametoka rangi ya chungwa safi, siku ya soko mteuzi, yule anayepanga tumbaku kwa madaraja, alishika fungu langu akalinusa akawaita wenzake waje kuona, akina mama wakapiga vigelegele, na mimi nimesimama pale najiuliza hivi hawa wanamshangilia nani. Usingizi unakatika alfajiri lakini kunyanyuka siwezi, chakula nakila kwa kuwa kimewekwa mbele yangu, matobolwa, vile viazi vitamu vya kukausha, niliyokuwa nagombania na watoto sasa natafuna kama natafuna boksi, na mizinga yangu porini sijaitembelea tangu mwezi wa tano, sijui kama nyuki wapo au walishahama.

Katikati ya hali hiyo, mwezi wa nne, ukaja mradi. Unaitwa Mkulima Tabasamu, una gari lenye picha ya jembe linalocheka, na afisa wake ni Bwana Wilbroad, kijana mstaarabu sana, anavaa viatu vya ngozi hata shambani. Alituambia mkutanoni kwamba wakulima tunaumwa huzuni bila kujijua, tunakaa nayo kimya mpaka inatumaliza, na kwamba kila kijiji kinahitaji balozi mmoja wa afya ya akili, awe anajua kusoma, awe anakubalika na wenzake na awe na uso mkunjufu. Kabla hajafika kwenye mkunjufu watu walishalitaja jina langu. Nilisimama nikataka kukataa, nikasema jamani mniache, mimi mwenyewe siko sawa, uwanja mzima ukaangua kicheko, Bwana Wilbroad naye akacheka mpaka akavua miwani, akaandika kwenye daftari lake kwamba nina kipaji.

Nikapelekwa semina ya siku mbili mjini, tukanywa soda, tukafundishwa dalili kumi na mbili. Bi Advera, wakati wanazisoma zile dalili mimi nilikuwa nahesabu za kwangu kwa vidole chini ya meza, nikamaliza mkono wa kwanza, nikamaliza wa pili, zilizobaki zikakosa vidole. Mwishoni tukagawiwa fomu yenye picha za nyuso tano, kuanzia inayolia mpaka inayocheka, kila mtu azungushie uso unaofanana na hali yake, na Bwana Wilbroad alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu na kamera. Nikazungushia unaocheka. Nikapewa fulana ya njano imeandikwa mgongoni ONGEA, TUKO NAWE, nikapewa baiskeli mpya, nikapewa vipeperushi mia mbili, nikarudi Itetemia balozi.

Mtu wa kwanza kunijia alikuwa jirani yangu Luhende, mkulima mwenzangu, mtu asiye na maneno mengi. Akakaa barazani, akazungukazunguka na habari za mbolea na mchwa, mwisho akasema, "Kaka Xavery, mimi siku hizi nikiona kumekucha nakasirika." Nilimwelewa sana. Nilimwelewa mpaka nikaogopa, nikaona akiendelea kuongea na mimi nitaanza kuongea, basi nikawahi kumpa kipeperushi, nikampigia kile kisa cha mteuzi na mbuzi aliyekula sampuli, kisha kwenye fomu ya mwezi nikaandika: Luhende, ametembelewa, ametabasamu. Kusema ukweli hakutabasamu. Alikiangalia kile kipeperushi mbele na nyuma, akakikunja, akasema asante balozi, akaenda zake. Tangu siku hiyo ananisalimia kwa mbali.

Mwezi wa sita nikaona hapana, na mimi nitafute mtu nimweleze. Nikapanda baiskeli mpaka kwa Shaban, nikamkuta na mafundi wenzake, nikamwambia, "Mtani, mimi nimechoka kuishi." Shaban hakuacha hata kukaza spoku. Akasema, "Umechoka na nini, Mnyamwezi wewe? Mizigo ya kupeleka pwani si mliacha kubeba zamani? Haya, ukifa niachie hiyo baiskeli, na Kabula nitamtafutia Mzaramo mwenye adabu zake." Mafundi wote wakavunjika mbavu. Na mimi nikacheka, Bi Advera, nikamjibu kwamba Mzaramo mwenye adabu itabidi kwanza aagizwe nje ya nchi, wakacheka tena, nikaonekana niko kama siku zote. Kurudi nikakokota baiskeli kwa mguu mpaka nyumbani, na haikuwa na pancha.

[Hapa kuna mstari mmoja nimeuondoa. Nitaueleza kwenye jibu langu. Advera.]

Sasa ndiyo tunafika kwenye swali. Tarehe nane mwezi wa nane, kwenye maonyesho ya Nane Nane pale Ipuli, mabanda yote yatakuwepo na mgeni rasmi atakuwepo, na mradi umenichagua nitoe ushuhuda wa dakika saba. Bwana Wilbroad ameshauandika, ametumia mashine, mzuri kabisa. Unaanza, "Nilikuwa gizani." Aya ya pili mradi unanikuta. Aya ya nne naelezea furaha niliyo nayo leo na nawashukuru wafadhili kwa majina. Kwenye aya ya tatu ameweka mabano, kaandika: hapa tulia kidogo, toa machozi kiasi.

Ninachoomba unishauri ni hiki. Bwana Wilbroad anataka nivae fulana ya njano, lakini Kabula ananiambia mbele ya mgeni rasmi mtu mzima anavaa suti, na suti niliyo nayo ni ya harusi, ya kahawia, imeliwa na nondo begani. Je, fulana juu ya suti inaruhusiwa? Na pili, ile aya ya tatu ningependa uniambie namna ya kuiruka bila watu kugundua, maana kuna kitu naogopa, naogopa nikianza kulia pale kwa maagizo sitaweza kuacha, na dakika zangu ni saba tu.

Namba yangu ya simu ni hiyo hapo chini, ila usipige asubuhi kwa sababu asubuhi simu anakuwa nayo Kabula.

Wako mtiifu,
Xavery, Itetemia

BI ADVERA ANAJIBU

Xavery, marahaba.

Kurasa sita, mbele na nyuma, halafu unaniuliza suti. Mimi kabla ya gazeti hili nilifundisha sayansi kimu miaka ishirini na sita, na habari za nondo nazijua: anika nguo juani, weka majani ya mwarobaini mifukoni, na tundu la begani lishonwe kwa ndani. Fulana juu ya suti hairuhusiwi popote duniani. Hilo tumelimaliza, sasa tuongee ya maana.

Unaumwa. Umehesabu dalili kumi na mbili kwenye mwili wako mwenyewe, vidole vikakuishia, halafu ukazungushia uso unaocheka kwa sababu kulikuwa na kamera. Baba mzima. Ungekuwa na homa ukamwambia daktari huna kwa kuwa amekuja na mpiga picha, tungekuita nani?

Na acha kutafuta ruhusa ya kuumwa kwenye mavuno. Unasema mwaka wa mvua ya mawe ungeeleweka lakini mwaka huu hustahili. Malaria ilipokushika iliuliza kwanza tumbaku imetoka rangi gani? Ugonjwa huu nao hauulizi. Unamkuta mwenye shamba lililokauka na mwenye shamba lililosifiwa na mteuzi, na huyo wa pili ndiye anayeteseka kimyakimya zaidi kwa sababu anaona aibu kulalamika. Una jina, wapo watu waliousomea, na unatibika.

Sasa ule mstari niliouondoa. Wasomaji wangu, haukuwa wa matusi. Xavery aliandika kwamba amefikiria kufa, na kwamba siku moja alisimama kwa muda mrefu mbele ya mlango wa stoo ya dawa za shamba, funguo mkononi, halafu akarudi kula ugali. Mengine aliyoandika hapo sitayachapa. Ila nilipofika kwenye mstari huo nilivua miwani nikakaa, na chai yangu ikapoa. Mtu anaandika jambo kama hilo katikati ya habari za baiskeli na fulana, kisha anaendelea, "Sasa ndiyo tunafika kwenye swali." Nilikasirika, Xavery. Nilikasirika na nikalia, na hakuna aliyeniandikia mabano.

Kwa hiyo sikungoja gazeti. Ulisema nisipige asubuhi. Nilipiga saa mbili asubuhi, makusudi.

Kabula alipokea, akaniamkia vizuri. Barua yako sikumtajia hata neno. Nilimwambia mimi ni Advera wa gazetini, namuulizia mzee, hali yake inaendeleaje. Kisha akasema, "Mama, tangu huo mradi uje, wewe ndiye mtu wa kwanza kuniuliza hivyo bila kunipa karatasi nisaini."

Halafu akasema yote. Wewe ulimshukuru Mungu kwamba hakugundua kitu pale kwenye bani. Xavery, mwanamke amekaa na wewe miaka ishirini na saba, akukute umekodolea macho moto unaozima, kuni ziko ubavuni mwako, asigundue? Aligundua hapohapo. Alinyamaza kwa sababu alidhani akisema atakuaibisha, na baadaye ulipofanywa balozi ndiyo akaogopa zaidi, maana watu wakisikia balozi mwenyewe anaumwa watamcheka nani kama si wewe? Kwa hiyo nyumba moja, watu wawili, kila mmoja anamficha mwenzake jambo lilelile. Wewe unachekesha, yeye anacheka, kisha anakwenda kulilia kwenye jiko la nje na ukimkuta anasema ni moshi.

Na kufuli la stoo amelibadilisha tangu mwezi wa tano. Hizo funguo unazotembea nazo hazifungui mlango wowote tena, ni za kufuli la zamani. Hukujua kwa sababu hukujaribu, na kwa kutojaribu huko, nakushukuru sana. Sasa umejua. Usizitafute mpya. Hizo zikae kwake mpaka daktari aseme vingine, na kazi ya kupulizia dawa msimu huu mpeni mtu mwingine.

Baada ya hapo akakuita uje kwenye simu. Nakumbuka mazungumzo yetu vizuri kwa sababu yalikuwa mafupi. Nilikuuliza hali, ukasema safi. Nikakuuliza tena, ukasema safi kama kikombe cha askofu. Nikakuambia nimeisoma barua, ukacheka, ukasema, "Mama, wewe chapa tu, labda Luhende ataisoma." Ndipo nilipojua huyu mtu kwenye simu hawezi, atatania mpaka jeneza lifungwe. Nikasema basi nitamjibu kwa maandishi, maandishi hayana nafasi ya kujibishana. Majina nimebadilisha, ingawa Itetemia nzima itajua kufikia saa nne, na wala sijutii.

Kwa Shaban ulikosea mlango. Yeye simlaumu. Sheria ya utani tunaijua wote, ukimwambia mtani unakufa, yeye kazi yake ni kukuuliza baiskeli inabaki na nani, na ungemwambia hivyo mtani yeyote kutoka hapa mpaka Bagamoyo ungepata jibu hilohilo. Mtu aliyechekeshwa kwenye msiba wa mama yake angejuaje kwamba leo wewe huchekeshi? Rudi kwake. Mwite pembeni, mbali na mafundi, mwambie, "Shaban, leo hakuna utani." Atajua la kufanya. Hawa watu wa pwani wakiacha mzaha ni wema sana, usiwaambie nimesema hivyo.

Bwana Wilbroad, najua unasoma, maana umeshatuletea matangazo yako mara tatu. Kijana, mtu alisimama mbele ya mkutano wako akasema kwa mdomo wake, "Mimi siko sawa," nawe ulisafiri kutoka mbali, na gari lako lenye jembe linalocheka, kumtafuta mtu wa namna hiyohiyo. Ulimpata dakika ya kwanza. Ukamwandika kwamba ana kipaji. Umegawa fulana zinazosema ongea, lakini hukugawa hata mtu mmoja wa kusikiliza. Jembe lifute hicho kicheko, halafu rudi Itetemia bila kamera, ukae kwenye kigoda, uwaulize watu hali zao na ungoje jibu. Fomu yake utaijaza baadaye.

Xavery, ushuhuda usiusome. Mrudishie karatasi yake kwa heshima, mwambie bado sijapona, siwezi kushukuru kwa kitu ambacho sijapata. Wakidai baiskeli, wape. Siku ya Nane Nane nenda kama watu wengine, ule muwa, uangalie ng'ombe wa maonyesho, na ukichoka urudi nyumbani. Ukishapona kweli, mwakani au mwaka wa tatu, ukitaka kusimama jukwaani sema kwa maneno yako, na hayo machozi yatoke yakitaka yenyewe. Unaogopa ukianza kulia hutaacha. Utaacha. Nimewaona waliolia siku nzima, jioni wakaomba chakula. Ila usianzie mbele ya mgeni rasmi, anzia mbele ya mkeo.

Jumanne hii unakwenda hospitali, mjini, na Kabula akusindikize. Nimeulizia, daktari wa magonjwa ya akili anaona watu siku hiyo kuanzia saa mbili, na usinikunjie uso kwa neno akili, hata mimi nimeshawahi kukaa kwenye lile benchi mwaka aliofariki mume wangu, na nilikutana na watu wa maana pale, mmoja alikuwa mwalimu mkuu wangu. Usimwambie daktari safi. Mwambie habari ya moto, mwambie habari ya stoo, kama ulivyoniandikia mimi. Ukishindwa kusema, mpe barua hii asome. Akikupa vidonge, umeze mpaka atakapokuambia uache, usiache wiki ya pili kwa kuwa umecheka mara mbili. Na mawazo yale yakirudi kabla ya Jumanne, usikae nayo hata kidogo: mwite Kabula, na nendeni siku hiyohiyo, mapokezi hawatawauliza ni siku ya kliniki au siyo.

Na ninyi wengine mnaosoma hapa kwa kinyozi mkijidai mnangoja zamu, niliyomwambia Xavery ni yenu pia.

Mkitoka hospitali pitia kwa Luhende. Vua hiyo fulana kabla hujafika, na vipeperushi viache. Yule mtu alikuja kwako na ukamfukuza kwa mzaha, ukamwandikia tabasamu ambalo hakulitoa. Mwombe radhi. Mwambie, "Na mimi kukikucha nakasirika." Kisha funga mdomo, hata kama itakuuma, mwache aongee. Jumanne inayofuata nendeni wawili.

Nimebakiwa na jambo moja, na ni la Kabula. Kabla hajakuita kwenye simu nilimuuliza, kama ningekuwa na nafasi ya kukuambia neno moja kutoka kwake, nikuambie nini. Nilidhani atasema uende hospitali, au usali, au uache kujifanya. Yeye akasema, "Mwambie siku asipokuwa na la kuchekesha, arudi nyumbani vilevile. Chakula kitakuwepo."